Kimya cha Mapigo Kumi na Moja

Habari za kifo chake Fundi alizipata akiwa na misumari mdomoni. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na kuitoa misumari midomoni kwa mwingine, kazi isiyomruhusu mtu kuzungumza, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya yeye kuipenda. Mfamasia aliingia karakana bila hodi, koti jeupe la dukani bado liko mwilini, akamsogezea simu mpaka puani.

"Soma. Watu wanakuombea dua."

Fundi akatema misumari kiganjani, akasoma. Watu asiowajua, wa nchi ambazo hata kwenye ramani asingezipata, walikuwa wanabishana kuhusu bendi iitwayo Meza ya Miguu Mitano. Mmoja alisema albamu yao ile ya pekee imemponya na upweke. Mwingine akauliza mbona hawakutoa ya pili. Wa tatu akajibu kwa uhakika wa mtu aliyebeba jeneza: mpiga ngoma wao alifariki zamani, tena alikufa kwa huzuni.

"Kwa huzuni?" Fundi alisema. "Mimi? Na makochi ya watu yamejaa humu ndani?"

"Watu mia tatu wamesikitika."

"Tulipokuwa tunapiga hawakufika hata mia."

Hapo alisema kweli tupu. Meza ya Miguu Mitano haikuwa bendi ya kujaza uwanja. Haikujaza hata ukumbi. Walikuwa wanne, na kila mtu aliposikia jina lao aliuliza mguu wa tano uko wapi, naye Twiga wa gitaa la besi alijibu kwamba umekwenda msalani. Mwimbaji hawakuwa naye. Walichanganya jazi, roki na ngoma za kila namna, halafu wakauwekea mchanganyiko huo hesabu za kwenda kombo: hapa mapigo saba, pale kumi na matatu, hivi kwamba ukisimama kucheza, mguu mmoja umeshafika na mwingine bado unaulizia njia. Kuna harusi moja walialikwa kwa makosa. Baada ya wimbo wa pili bwana harusi aliwaomba, kwa heshima zote, wakale kwanza, na walipomaliza kula akawaomba wapumzike sana.

Basi vifo vya uongo vina faida yake. Mfamasia, aliyekuwa akipiga kinanda na ambaye sasa huuza dawa za kikohozi kwa uso wa hakimu, alisema kama watu wanalilia albamu ya pili, basi wapewe wangali wanalia. Twiga, ambaye siku hizi hutengeneza redio na televisheni, alisema ana vinasa sauti na kompyuta, studio ya nini. Mahali pa kurekodia palikuwa wazi: karakana ya Fundi, yenye sponji mpaka darini. Humo hata ukigombana na mkeo jirani hapati kitu.

Alibaki mpiga gitaa. Hapo kila mmoja akatazama viatu vyake.

Mpiga gitaa alikuwa shemeji yake Fundi. Alimwoa mdogo wa kike wa Fundi, yule Mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye moyo mkunjufu mpaka unachosha. Na Fundi na Shemeji hawakuwa wameongea kwa miaka kumi na tisa.

Usidhani walikuwa hawaonani. Walionana kila wiki. Walikaa meza moja, wakala sahani moja, wakaugua na kutembeleana. Ila maneno yao yote yalipitia kwa mtu wa tatu. "Mwambie kaka yako chumvi iko upande wake." "Mwambie mumeo nimeiona." Shemeji alikuwa mwalimu wa udereva, na alimfundisha binti ya Fundi kuendesha gari toka kuwasha mpaka kupata leseni. Fundi naye alivishona upya vifuniko vya viti vya gari lile la mafunzo, mishono maradufu, kitambaa cha daraja la kwanza. Hakuna aliyesema asante. Watoto wa pande zote mbili walikua wakiamini kwamba mashemeji wote duniani huongea hivyo.

Chanzo kilikuwa kimya.

Katika bendi ile, Shemeji na Mfamasia ndio waliokuwa wanatunga. Twiga alichangia vipande vya hapa na pale. Fundi hakuwa mtunzi. Yeye alipewa hesabu, akaipiga, na hajawahi kukosea wala kuchelewa pigo moja tangu alipoacha kunyonya, ndivyo alivyopenda kusema. Lakini wimbo wao mkubwa kuliko wote, ulioitwa Ngazi, walipokuwa wanautengeneza ulipanda, ukapanda, ukafika juu ukakosa pa kwenda. Wakahangaika nao wiki nzima. Ndipo Fundi aliposema kwa aibu, "Bibi yetu alikuwa anasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sasa tukinyamaza je? Wote. Mapigo kumi na moja, hakuna anayegusa kitu. La kumi na mbili tunaingia pamoja kwa nguvu zote."

Walijaribu, na nywele ziliwasimama. Ikawa hivyo. Katika nyimbo zote za Meza ya Miguu Mitano, sehemu pekee iliyotungwa na Fundi ni ile ambayo hakuna anayepiga chochote. Cheka ukitaka. Yeye aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza kwa mikono yake, na makochi yake, niseme tu, watu wameyarithi.

Waliupiga Ngazi hadharani mara moja tu, kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi, mbele ya watu kama thelathini. Twiga aliwapa watazamaji mgongo, kwa sababu ya haya, kama kawaida yake. Mfamasia aliinamia kinanda. Fundi, kila lilipofika jambo la maana, alifumba macho. Wimbo ukapanda, ukafika juu, kimya kikashuka. Fundi akaanza kuhesabu moyoni, moja, mbili, furaha imemjaa kifuani hata akaogopa itatoa sauti. Kabla hajafika katikati akasikia makofi. Halafu makofi mengi, ukumbi mzima. Hakufungua macho, aliamini wenzake hawatayumba. Alipofika la kumi na mbili aliteremsha mikono yote miwili na mguu, akapiga kishindo cha kuangusha paa, akafungua macho.

Alikuwa peke yake. Mbele yake Shemeji alikuwa ameinama, mkono kifuani, anawashukuru watazamaji kama mtu aliyemaliza kazi. Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Mwamsheni huyo wa ngoma!"

Iliuma. Iliuma vile inavyouma kuchekwa kwa jambo ulilolileta kwa aibu. Nyuma ya jukwaa Fundi alitaka neno moja tu: mpiga gitaa aseme alikosea hesabu. Shemeji, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba tu wa mdogo wake, hakulisema. Bendi ikafa usiku ule, harusi ikafungwa mwaka uliofuata, na ndugu hao wawili wakawa wanapeana chumvi kwa mkalimani.

Sasa Jumamosi ya kwanza ya mazoezi Shemeji alifika na gitaa lake, akamsalimia Mfamasia, akamsalimia Twiga, kisha akayasalimia makochi. Fundi akaitikia kwa niaba ya makochi. Wakaanza.

Na hapo ndipo mambo yalipowashangaza, maana vidole havikuwa na habari ya ugomvi. Walipiga vizuri. Walipiga vizuri kuliko zamani, kwa sababu zamani walitaka kuonekana hodari, na sasa walitaka tu kufika mwisho bila mgongo kukaza. Nyimbo mpya zikatoka moja baada ya nyingine. Shida ilikuwa mapumzikoni.

"Mfamasia, mwambie mwenye ngoma apunguze mwendo pale kwenye kona."

"Mfamasia, mwambie mwenye gitaa hapa si ndani ya gari la mafunzo, hana breki ya pili miguuni."

"Mimi nina duka la dawa," Mfamasia alisema, "na dawa zote mbili ninazotamani kuwapa leo zinahitaji cheti cha daktari."

Wiki zikapita, albamu ikakaribia kutimia. Ilibaki nafasi ya wimbo mmoja, na kila mtu aliujua. Hata wale waombolezaji wa mtandaoni waliujua. Walikuwa wanasimuliana kwamba kuna wimbo mmoja wa Meza ya Miguu Mitano haukuwahi kurekodiwa, na kwamba ndani yake kuna kitu cha ajabu. Mfamasia akautaja kwa jina. Fundi akaviweka vijiti vyake juu ya ngoma, taratibu.

"Nitapiga zote. Mkitaka nitapiga na wimbo wa taifa la sungura. Lakini Ngazi sigusi mpaka mtu fulani aseme siku ile alikosea hesabu. Maneno mawili, halafu tuendelee na maisha."

Karakana nzima ikamgeukia Shemeji. Alikuwa anakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea.

"Mwambieni," alisema, "sikukosea hesabu. Nilijua tulipo."

"Umeona!" Fundi akamwambia Mfamasia, na sauti ilimpanda. "Afadhali angesema alipotea. Mtu akipotea unamwonyesha njia. Huyu anasema aliijua njia, na bado aliniacha pale juu nichekwe! Muulize basi, kama alijua tulipo, kwa nini aliinama?"

Shemeji akasimama. Akalilaza gitaa kwenye kasha lake na kubana vifungo.

"Mwambieni sina jibu," alisema, akatoka.

Basi. Albamu isiyo na Ngazi ilikuwa kama kochi lisilo na miguu: kukaa utakaa, lakini utajua. Twiga alinung'unika kwamba waitoe hivyo hivyo. Mfamasia hakusema kitu, na akisha kunyamaza Mfamasia ujue mgonjwa yu mahututi. Fundi alirudi kwenye misumari yake, na siku nzima aliipiga pembeni, akajigonga kidole gumba mara mbili. Alitaka kusamehe, msimwone hivyo. Ila hakujua atasamehe nini, ikiwa mwenyewe aliyekosa anasema hakukosa. Na alijua wakiachana safari hii hawatarudiana tena. Hakuna anayefufuka mara mbili.

Jumamosi iliyofuata, wakati ambao hakumtarajia mtu, mlango wa karakana ulifunguliwa na mdogo wake, Mwalimu. Mkono mmoja chupa ya chai, mwingine kapu la vikombe, na nyuma yake mume, gitaa mgongoni, uso wa mwanafunzi aliyeletwa kwa mwalimu mkuu. Nyuma yao Twiga na Mfamasia.

"Kaka," Mwalimu alisema, "sikuja kuamua kesi. Mambo yenu ya hesabu siyajui. Mimi nahesabu mpaka kumi na watoto wangu na kumi inatutosha. Ila nina ombi. Siku ile ya chuoni sikuusikia ule wimbo mpaka mwisho. Watu walicheka, ukaondoka, wimbo ukaisha hivyo. Nimeolewa na nusu yake, nimezaliwa na nusu yake, na sijui unavyoishia. Upige mara moja. Kwa ajili yangu. Baadaye mkitaka mnuniane mpaka mbinguni."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Mwanamke ambaye mtoto wa watu akifaulu kufunga kamba ya kiatu humpigia makofi, na akishindwa humpigia kwa kujaribu. Fundi alikuna shingo.

"Mara moja," alisema. "Na si kwamba nimesamehe."

"Nani kasema?" Mdogo wake akaketi kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halijavishwa kitambaa, sponji tupu na mbao, chupa ya chai mapajani. Twiga akawasha vinasa sauti, maana hajawahi kuona kitu kikipigwa bila kutaka kukirekodi.

Safari hii Fundi aliapa hafumbi macho. Alitaka kumchunga yule mtu. Akithubutu hata kuinamisha kichwa, atamwona, na mbele ya mashahidi.

Wakaanza. Twiga chini, anatembea kwa mapigo saba; Mfamasia juu yake, kumi na matatu; Shemeji akipita katikati yao kama mtu anayevuka barabara kwa kujiamini. Fundi akawabeba wote. Wimbo ukapanda ngazi ya kwanza, ya pili, na mikono yake ikakumbuka kila kitu, hata jasho likaanza kumtoka palepale lilipokuwa likimtoka zamani. Wakafika juu kabisa. Wakanyamaza.

Lo, kimya kile! Sponji zilikimeza kila kitu. Fundi akahesabu, macho kwa Shemeji. Moja. Mbili. Mkono wa Shemeji umetulia hewani, tayari. Tatu. Nne. Hesabu yake ilionekana iko sawa, kidole kidogo cha mguu kinagonga juu ya kandambili. Tano.

Pakasikika makofi.

Mwalimu alikuwa amesimama kutoka kwenye kochi, chupa ya chai kaibana kwapani, anapiga makofi kwa nguvu zake zote, macho yanamng'aa. Peke yake. Mikono miwili tu katika karakana nzima.

Na Fundi akamwona Shemeji. Alimwona akishtuka, akamtazama mkewe, akawatazama wenzake walioganda, akamtazama mkewe tena. Ilichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mkono uliokuwa hewani ukaenda kifuani. Akainama mbele ya mkewe, akainama sana, anatabasamu, kama mtu aliyemaliza wimbo wake na hana wasiwasi.

Fundi aliendelea kuhesabu kwa mazoea tu. Sita. Saba. Kichwani ukumbi wote wa chuo ulikuwa umewaka taa. Watu thelathini wasiojua wimbo unaisha wapi, na msichana mmoja mstari wa mbele, mchangamfu, amesimama peke yake anapiga makofi mahali pasipo pake. Kijana mwenye gitaa anamwona. Akiendelea kusimama kimya, ukumbi utamcheka msichana. Akiinama, watapiga naye. Na miaka kumi na tisa ya chumvi, kijana hakusema, maana angeanza vipi? Neno lolote la kujitetea lilikuwa neno la kumshtaki mke.

Kumi. Kumi na moja. Vijiti vilikuwa vimeinuliwa. La kumi na mbili likafika. Fundi akaviteremsha magotini, havikugusa kitu.

Makofi yakapungua. Mwalimu alikuwa amemwona Mfamasia, mikono bado i juu ya kinanda kama mpishi aliyesahau chumvi.

"Mbona mnanitazama?" alisema. Uso ukaanza kumbadilika. "Ulikuwa haujaisha? Nimewaharibia?"

"Hapana, mama," Shemeji akawahi.

"Usiniambie hapana, unajibu haraka mno." Akakaa chini, taratibu, kwenye sponji. Mwanamke huyo si mjinga. Watu wakunjufu huwa si wajinga hata kidogo. "Ngoja kwanza. Siku ile ya chuoni. Nilikaa mbele. Kaka, siku ile nani alianza kupiga makofi?"

Twiga akageuka, akawapa mgongo. Shemeji akamtazama Fundi. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama machoni, na sasa alimtazama kama anayeona gari linakuja na usukani hauko mikononi mwake.

Lile neno Fundi alilolidai tangu ujana wake lilikuwa hapo, na alikuwa na mashahidi, na mashine inarekodi. Fundi akafuta jasho kwa kiwiko.

"Sikumbuki nani alianza," alisema. "Ukumbi mzima ulipiga. Wimbo ulikuwa umeisha."

"Umeisha?"

"Unaishia pale pale. Kishindo kile cha mwisho kilikuwa changu peke yangu." Akaviweka vijiti juu ya ngoma. "Nilikosea hesabu, mdogo wangu. Nilichelewa kufika, wenzangu walishamaliza. Ndiyo maana nilinuna. Mtu mzima nimewasumbua bure."

Mfamasia akavuta pumzi ya kusema jambo. Fundi akamtupia jicho, naye akaibana midomo kama kifuniko cha dawa isiyofaa kuachwa karibu na watoto.

"Kaka!" Mwalimu akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. "Miaka yote hii! Na maskini mume wangu akinyamaza tu!"

"Akinyamaza tu," Fundi akakubali.

"Na mimi nimesikia mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa. Umepiga makofi mahali penyewe."

Akamkumbatia kaka yake shingoni, chupa ya chai ikamgonga mgongoni, kisha akakusanya vikombe kwenda kuvisuuza bombani nje, anaongea peke yake njia nzima kuhusu wanaume na ukaidi. Twiga akageuka, kidole juu ya kitufe.

"Hii nifanyeje? Ina makofi ndani. Nifute, turudie, tuingie na la kumi na mbili kama inavyotakiwa?"

"Ukifuta," Fundi alisema, "nitakushonea ndani ya kochi."

"Lakini kile kishindo... Kile ndicho kitu chako."

"Albamu inaishia kwenye makofi. Nimesema."

Maji yalisikika yakichuruzika bombani, na Mwalimu akiimba wimbo wa watoto wake. Shemeji alivuta kiti, si kuelekea kwa Mfamasia. Akakisogeza mpaka mbele ya ngoma, akaketi, magoti yakagusana na chuma cha matoazi. Alipozungumza sauti ilimtoka ndogo, ya mtu anayejaribu mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Shemeji. Ulikuwa umefika ngapi?"

"Tano," Fundi alisema.

Shemeji akatikisa kichwa kukubali.

"Tano," alisema. "Na siku ile pia ilikuwa tano."